Maisha ya Bert Trautmann, Golikipa na Mwalimu wa Mpira

Kila apitaye njia za Temeke huuona Uwanja wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Uwanja wa Taifa. Hapo ndipo bendera yetu ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Wazee wanaopenda mpira huwakumbuka wachezaji wengi waliocheza katika uwanja huo, lakini ni wachache wakumbukao kwamba mwaka 1975 timu yetu ya taifa ilikuwa na mwalimu Mjerumani, ambaye kabla ya hapo alikuwa golikipa mwenye sifa kubwa katika nchi ya Uingereza. Jina lake lilikuwa Bert Trautmann. Mimi hukaa golini katika timu ya bweni letu, na kwa sababu hiyo nilitamani kujua habari zake. Nilipozijua niliona kwamba si habari za mpira tu.

Bwana Trautmann alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1923 katika mji wa Bremen, kaskazini ya Ujerumani, akapewa jina la Bernhard. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbolea karibu na bandari. Ilipofika miaka ya shida, baba aliuza nyumba yao, wakahamia mtaa wa wafanyakazi uitwao Gröpelingen. Mtoto alikuwa hodari wa mbio na michezo ya kila namna. Mwaka 1933 Hitler alishika utawala, na Bernhard, kabla hajatimiza miaka 10, akaingia katika chama cha watoto cha Hitler. Huko walifundishwa kwata, nyimbo na michezo, na pamoja na hayo wakafundishwa kuwachukia Wayahudi na kuwadharau watu wa mataifa mengine. Mtoto huamini afundishwalo na wakubwa, naye aliamini.

Mwaka 1941 akaingia jeshini, na baadaye akawa askari wa miavuli. Alipigana miaka 3 upande wa Urusi, akapata nishani ya Msalaba wa Chuma. Lakini huko pia aliona jambo la kutisha: msituni usiku aliwaona raia, wake kwa waume, wakipigwa risasi na askari wa nchi yake mwenyewe. Baadaye akahamishiwa upande wa magharibi. Katika kikosi chake cha kwanza cha watu 1,000, inasemekana waliosalia hai ni 90 tu. Mwaka 1945, vita vilipokaribia kwisha, alikamatwa na Waingereza, akavushwa bahari akiwa mateka.

Aliwekwa katika kambi ya Lancashire. Mateka walionyeshwa sinema ya mambo yaliyotendwa katika kambi ambamo Wayahudi waliuawa, nao wakaona matunda ya yale waliyofundishwa utotoni. Hapo kambini mateka walicheza mpira. Trautmann hakuwa golikipa, alicheza nafasi nyingine uwanjani. Hata siku moja aliumia katikati ya mchezo, akabadilishana nafasi na golikipa wao. Tangu siku hiyo hakutoka tena golini.

Mwaka 1948 mateka waliruhusiwa kurudi kwao, lakini yeye alikataa kurudi. Alifanya kazi ya shamba, kisha kazi ya kuondoa mabomu yaliyobaki ardhini, na siku za mapumziko akachezea timu ndogo ya St Helens Town. Waingereza walishindwa kulitamka jina la Bernhard, wakamwita Bert. Sifa zake zikaenea, na mwezi wa Oktoba 1949 timu kubwa ya Manchester City ikamwandika.

Basi ghasia zikazuka. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 4 tu iliyopita. Manchester ilikuwa imepigwa mabomu na ndege za Wajerumani, na mji huo ulikuwa na Wayahudi wengi waliofiwa na ndugu zao. Watu wapatao 20,000 waliandamana barabarani kupinga askari wa adui kuvaa fulana ya timu yao. Wengine walirudisha tikiti zao. Ndipo watu wawili waliposimama upande wake. Wa kwanza ni nahodha wa timu, Eric Westwood, ambaye mwenyewe alipigana na Wajerumani huko Normandy. Yeye alimkaribisha chumbani mbele ya wachezaji wote kama mwenzao. Wa pili ni Dokta Alexander Altmann, kiongozi wa dini wa Wayahudi wa Manchester. Huyu alikuwa amekimbia Ujerumani kwa sababu ya Hitler, na wazazi wake waliuawa. Hata hivyo aliandika barua gazetini, akawaomba watu wasimhukumu mtu mmoja kwa dhambi za taifa zima, bali wampime kwa matendo yake. Ghasia zikaanza kupoa.

Trautmann hakujibu matusi kwa maneno. Alijibu kwa kazi yake. Kila timu ilipokwenda ugenini alizomewa, na kila mara alidaka. Mwezi wa Januari 1950 walicheza na Fulham mjini London. Manchester City ilifungwa bao 1 kwa 0 tu, kwa sababu golini alikuwapo yeye, na mchezo ulipokwisha wachezaji wa pande zote mbili walijipanga mistari miwili wakampigia makofi alipokuwa akitoka. Alikuwa na mkono wenye nguvu, na badala ya kuupiga mpira mbali ovyo, aliurusha kwa mkono hadi miguuni mwa mwenzake. Makipa wa siku hizi hufanya hivyo kila siku. Wakati ule lilikuwa jambo geni.

Mwaka 1956 alichaguliwa Mchezaji Bora wa Mwaka wa Uingereza, golikipa wa kwanza kupata heshima hiyo. Tarehe 5 Mei mwaka huo walicheza fainali ya Kombe la F.A. na Birmingham City katika uwanja wa Wembley. Zikiwa zimebaki dakika kama 17, aliruka miguuni mwa Peter Murphy ili kuuchukua mpira, akagongwa shingoni na goti. Wakati ule sheria haikuruhusu kuingiza mchezaji wa akiba. Alisimama akiyumba, haoni vizuri, akaendelea kudaka hata mwisho. Manchester City ilishinda mabao 3 kwa 1. Siku chache baadaye madaktari walimpiga picha, wakaona kwamba shingo yake imevunjika: pingili 5 zilikuwa zimehama mahali pake, na moja imepasuka vipande viwili. Pingili iliyofuata ilikuwa imekaza kama kabari, na hiyo ndiyo iliyomwokoa asife. Kabla hajapona, mtoto wake wa kiume wa kwanza, mwenye umri wa miaka 5, aligongwa na gari akafa. Lakini mwezi wa Desemba alirudi uwanjani, na alipoacha kucheza mwaka 1964 alikuwa ameichezea timu hiyo michezo 545. Siku ya kumwaga walikuja watu zaidi ya 47,000, katika mji ule ule ulioandamana kumkataa.

Baada ya hapo akashika kazi ya ualimu wa mpira. Alianza Stockport County huko Uingereza, kisha akafundisha timu za Preussen Münster na Opel Rüsselsheim kwao Ujerumani. Angeweza kubaki Ulaya, lakini aliingia katika mpango wa Ujerumani Magharibi wa kupeleka walimu wa mpira katika nchi changa. Kwanza alikwenda Burma, ambayo ilicheza katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na kuishinda Sudan mabao 2 kwa 0.

Mwaka 1975 akaja Tanzania. Mwaka uliotangulia nchi yetu ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati hapa Dar es Salaam kwa kuishinda Uganda kwa penalti, na watu walikuwa na hamu ya kuendelea mbele. Tufikiri jambo hili. Mababu zetu waliwajua Wajerumani kwa kiboko, kwa kodi na kwa vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Sasa alikuja Mjerumani asiye na bunduki wala kiboko, amekuja kufundisha vijana kucheza. Baada ya Tanzania alikwenda Liberia, Pakistan na Yemen, na mwaka 1988 akastaafu, akakaa Hispania. Mwaka 2004 Malkia wa Uingereza alimpa nishani kwa kazi yake ya kuwapatanisha Waingereza na Wajerumani. Alifariki huko Hispania tarehe 19 Julai 2013, akiwa na umri wa miaka 89.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Trautmann hakuchezea kamwe timu ya taifa ya kwao. Alitunzwa ugenini, na watu waliokuwa na kila sababu ya kumchukia. Wengi humsifu kwa shingo iliyovunjika. Mimi nawakumbuka zaidi Bwana Westwood na Dokta Altmann, maana bila wao pengine asingedaka hata mchezo mmoja.

Muhula huu alihamia bwenini kwetu kijana kutoka shule iliyotufunga mwaka jana. Kwa wiki mbili hatukukaa naye mezani, nami nilikuwa mmoja wao. Nilipomaliza kusoma habari hizi nilimpelekea glavu zangu, nikamwomba akae golini jioni hiyo. Anadaka vizuri kuliko mimi. Sasa mimi nacheza mbele.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne