Mzee Ojwang na mchezo uliozeeka naye

Miaka zaidi ya kumi imepita tangu Mzee Ojwang afariki, lakini umutajie shofere wa lori mwenye kutoka Mombasa lile jina: atacheka mbele ya kujibu. Alikuwa mchekeshaji wa Kenya. Tunasema Kenya ya Nairobi, si commune yetu ya Kenya hapa Lubumbashi. Sisi wa Katanga tulikuwa na Mufwankolo na kundi lake, waliocheza kwa Kiswahili chetu bila kufuata maandiko, na kila mtu aliona mule jirani yake. Kwa Wakenya, Ojwang alikuwa sawa vile.

Jina lake la kweli ni Benson Wanjau, mzaliwa wa 1937. Na hapa njo mambo inaanzia, juu Wanjau ni jina la Wakikuyu, na Ojwang ni jina la Wajaluo. Makabila haya mawili yamegombana sana katika politike ya Kenya. Mwaka 1969 waziri Tom Mboya, Mjaluo, aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi, na uchungu wake haukuisha haraka. Yeye Mkikuyu akachukua jina la Mjaluo, akachukua na matamshi yao na ile namna ya kujitukuza kidogo, mpaka watu wengi wakamuzania Mjaluo wa kuzaliwa. Wajaluo wenyewe walimpenda. Mtu aliyekuwa hapa 1992 na 1993, akaona ndugu Wakasai wanafukuzwa nyumbani na kulala kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, anaweza kupima uzito wa jambo hilo: kubeba jina la jirani miaka na miaka, kuchekesha nalo, na usimutukane.

Mchezo wake mkubwa uliitwa Vitimbi. Ulianza miaka ya 1980 kwenye Voice of Kenya, televizyo ya Serikali, na wakati ule hapakuwa ingine. Mbele yake Wakenya walikuwa wamezoea Mzee Pembe na Kipanga. Katika Vitimbi, Ojwang ni bwana, na Mama Kayai, ambaye ni Mary Khavere, ni bibi yake. Nguvu ya mwanzo ilikuwa ndani ya nyumba. Papa anajidai yeye ni mkubwa, mama anajua kabisa ni franga ngapi zimebaki mfukoni. Haiombi maelezo kwa familia yenye kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kisha inchi ikabadilika. Mwaka 1989 Voice of Kenya ikaitwa KBC. Mwaka 1990 KTN ikafunguliwa, na zingine zikafuata. Mtu akichoka anageuza tu. Vitimbi nayo ikatoka nyumbani, ikaingia hoteli, na wahudumu, na wateja, kila mmoja na lafuzi ya kabila lake. Wengine walipenda. Sisi tunaona mchezo ulipata kelele na kupoteza kitu, kwa sababu wote wakisema kwa kugeuza ulimi, watu wanachekea ulimi na wanasahau jambo lenyewe. Pahali pazuri palibaki pale wale wawili wanaachwa peke yao, Ojwang na Mama Kayai, wanagombana juu ya kitu kidogo sawa watu waliooana kweli.

Mwaka 2007 televizyo Citizen ikaleta Papa Shirandula, mlinzi wa mulango mwenye kuficha bibi yake kazi anayoifanya. Vijana wakahamia kule. Mwisho wa mwaka ule ule, kisha uchaguzi, Wakenya wakauana kwa makabila, wakafa watu zaidi ya 1.000. Mkikuyu mwenye kuitwa Ojwang alibaki Ojwang.

Mambo ya mchezo kugeuka si ya Kenya tu. Kule Marekani, Lucille Ball alianza mchezo wake I Love Lucy mwaka 1951 ndani ya chumba cha New York. Mpaka 1957 walikuwa wamezunguka Hollywood na Ulaya na kuishia katika nyumba ya shamba, na mimba yake ya kweli ikaingizwa mule. Lakini yeye na bwana yake walishika mali ya zile filme, na kampuni yao ikauzwa bei kubwa mwaka 1967. Ojwang hakuwa na kitu cha kuuza. Sura yake ilijulikana kila mji, na mfuko wake ulibaki mwepesi.

Ba papa walioacha Gécamines katika départ volontaire ya 2003, kisha kazi ya maisha mazima, wanajua njia hii bila sisi kuwaonyesha.

Miaka ya mwisho macho yakamushinda. Mtu ambaye inchi nzima ilimtazama, yeye hakuona tena njia mbele yake. Habari ikatoka, na Wakenya wakachanga pesa ya kumtibisha: Wakikuyu, Wajaluo, watu wa kila pande, wengi wao wale waliokuwa batoto wakati ule wa televizyo moja, wakikaa chini kwenye sima ya jirani kumwangalia. Tarehe 12 julai 2015 alifariki Nairobi, katika hospitali Kenyatta. Mama Kayai wake alikuwa angali hai.