Askofu Aliyesoma Mawe: Maisha ya Mwenye Heri Niels Stensen

Mzee mmoja wa kigango cha jirani alitutembelea baada ya Misa akiwa na kitu amekifunga kwenye kitambaa. Alipokifungua tukaona jiwe la rangi ya udongo mkavu, na ubavuni mwake kombe la baharini, mistari yake yote ikionekana, ila lote lilikuwa jiwe. Alilipata upande wa Kidugalo, jirani na Ngerengere, vijana wake walipokuwa wakichimba msingi wa nyumba. Alitaka kujua kutoka kwa mafrateri: je, Mungu aliliumba hivyo humo ardhini, au lililetwa na gharika ya Nuhu? Tulimjibu harakaharaka kwamba hicho ni kisukuku, tukamtajia mamilioni ya miaka, naye akaondoka na wasiwasi mwingi kuliko aliokuja nao.

Jibu letu halikuturidhisha hata sisi. Kwa hiyo safari hii tumeona heri tumjibu upya kwa kusimulia maisha ya mtu aliyelishika swali hilohilo karibu miaka 360 iliyopita, akalitolea jibu linalotumika hadi leo, kisha akawa padre na askofu. Kanisa linamkumbuka tarehe 5 Desemba. Katika parokia zetu jina lake halisikiki sana.

Niels Stensen, ambaye kwa Kilatini huitwa Nicolaus Steno, alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwezi Januari 1638, katika familia ya Kiluteri. Baba yake alikuwa sonara. Utotoni aliugua miaka kadhaa, akawa mtoto wa kukaa ndani na kusikiliza wakubwa wakizungumza mambo ya dini. Akiwa bado mdogo, baba yake alifariki. Alikua katika miaka ya tauni na vita, na alipokuwa mwanafunzi wa utabibu mji wao ulizingirwa na majeshi ya Sweden. Katika hali hiyo alijaza daftari lake kwa kila alichosoma, akaliita Chaos, yaani vurugu, na kwa kweli limechanganya mambo mengi.

Mwaka 1660 alikwenda Uholanzi kuendelea na masomo. Huko, alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo, kisu chake kiliingia katika mfereji mdogo ambao vitabu vilikuwa havijautaja. Ni mfereji unaoleta mate mdomoni kutoka tezi iliyo karibu na sikio, na hadi leo madaktari huuita kwa jina lake. Mwalimu aliyekuwa akimfundisha alidai ugunduzi ni wake, ukazuka ugomvi mrefu wa maandishi. Stensen alijibu kwa njia aliyoitumia maisha yake yote: alirudi kwenye meza ya kupasulia, akaonyesha tezi nyingine na nyingine. Baadaye akaonyesha pia kwamba moyo ni msuli. Wakati huo wengi waliuona kama jiko la kutia damu joto. Wapo waliochukizwa. Tunadhani si rahisi kumwambia mtu kwamba kiungo anachokisifia katika nyimbo ni nyama kama nyama nyingine.

Mwaka 1666 alifika Italia, akapokelewa Florence na Mtawala Ferdinando II wa ukoo wa Medici. Oktoba ya mwaka huo wavuvi walimnasa papa mkubwa sana karibu na bandari ya Livorno. Tunasema papa wa baharini, si Baba Mtakatifu. Kiswahili chetu hapa kinahitaji uangalifu. Ferdinando aliamuru kichwa kiletwe Florence, na Stensen akapewa kazi ya kukipasua.

Alipoyatazama meno alishtuka. Yalifanana kabisa na mawe yaliyoitwa mawe-ulimi, yaliyookotwa kwa wingi katika kisiwa cha Malta. Watu wa enzi hizo walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema mawe hayo huanguka kutoka mbinguni. Wengine waliyahusisha na Mtume Paulo, ambaye, kama tunavyosoma katika sura ya 28 ya Matendo ya Mitume, alipona baada ya nyoka kumng'ata mkononi akiwa Malta. Wakasema Mtume aliwalaani nyoka wa kisiwa, ndimi zao zikawa mawe. Mawe yaliuzwa kama dawa ya sumu, yakavaliwa shingoni na kuchovywa katika divai. Msomaji wa kwetu aliyewahi kuona jiwe la nyoka likibandikwa juu ya jeraha hatawacheka.

Stensen hakuwa wa kwanza kusema kwamba mawe-ulimi ni meno ya papa. Mwitalia Fabio Colonna alikwisha kulisema hilo mwaka 1616. Lakini Stensen alikwenda mbele, akauliza jino la samaki linaingiaje ndani ya mwamba wa mlimani. Wasomi wengi waliamini kuwa ardhi ina nguvu ya kuotesha maumbo ndani yake, kama shamba linavyootesha viazi. Yeye akawaza hivi: kitu kinachokua ndani ya kitu kigumu hukipasua au hujipinda, kama mzizi wa mwembe unavyopasua ukuta wa nyumba. Meno yale hayakujipinda wala hayakuupasua mwamba. Basi jino lilikuwa gumu kwanza, na mwamba ulikuwa tope laini lililolifunika. Kati ya vitu viwili vilivyogusana, kile kilichoacha alama yake juu ya kingine ndicho kilichotangulia kuwa kigumu. Ukibonyeza kidole katika udongo wa mfinyanzi, hakuna atakayeuliza kati ya kidole na shimo kipi kilianza.

Hoja hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya kitabu chake kidogo cha mwaka 1669, kilichoandikwa kwa Kilatini, juu ya kitu kigumu kilichomo ndani ya kitu kigumu. Alieleza humo kwamba matabaka ya miamba yaliwekwa moja juu ya jingine, la chini likiwa la kwanza. Kwamba yalilala bapa yalipowekwa, na yakionekana yameinama au kuvunjika, kuna jambo lililotokea baadaye. Na kwamba tabaka lilienea pande zote hadi likutane na kizuizi. Leo mwanafunzi wa jiolojia hufundishwa mambo haya katika wiki ya kwanza na kuyaona ya kawaida mno. Kabla ya Stensen hakuna aliyekuwa ameyaandika wazi hivyo.

Tuyalete nyumbani. Mto Ngerengere hutoka Uluguru, hupita Morogoro mjini na kwenda kuingia Ruvu. Wakati wa masika hubeba tope jekundu, na maji yakipungua huliacha bondeni, tabaka la mwaka huu juu ya la mwaka jana. Samaki akifa juu ya mchanga, kunguru na siafu humaliza kazi kwa siku chache, na hakuna kitakachobaki. Lakini akifunikwa na tope upesi, hewa isimfikie, nyama itaoza na mifupa itabaki. Matabaka yakiongezeka juu yake, uzito hukandamiza tope likawa mwamba, na maji yanayopenya polepole huacha chumvichumvi za madini katika vitundu vya mfupa, hadi mfupa ukawa jiwe bila kupoteza umbo lake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mijusi wakubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambao mifupa yao ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini Lindi, kisha ikapelekwa Berlin iliko mpaka sasa.

Si kila kisukuku hutokea hivyo. Pengine maji huliyeyusha kombe lote, likabaki tundu lenye umbo lake. Madini yakijaza tundu hilo, hutokea nakala, kama fundi anavyomimina alumini katika kalibu ya mchanga kupata sufuria. Pengine hakuna kiungo kilichobaki, bali alama ya mwendo tu. Nyayo za Laetoli, karibu na Olduvai, zilizochimbuliwa na kikosi cha Mary Leakey kuanzia mwaka 1978, ziliachwa katika majivu mabichi ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Majivu yakakauka kama saruji, yakafunikwa na mengine. Jani nalo likikandamizwa huweza kuacha utando mweusi wa kaboni. Halafu iko sandarusi, utomvu uliogandamana ardhini, ambayo mababu wa Mrima waliichimba na kuiuza Unguja. Ndani yake huonekana mdudu mzima na mabawa yake. Wataalamu huihesabu kuwa changa, bado iko njiani kuwa kaharabu.

Sasa jiwe la mzee wetu. Ukipanda Uluguru kutoka Morogoro hadi kilele cha Bondwa hutaokota kombe hata moja, kwa sababu miamba ya milima hiyo ilipikwa kwa joto na mgandamizo chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukiteremka kuelekea Ngerengere na Kidugalo unakuta miamba ya namna nyingine, mchanga na chokaa iliyowekwa na maji. Chokaa ya Kidugalo ni ya katikati ya zama za Jura, umri wake karibu miaka milioni 170. Wakati huo bahari ilifika pale. Mjerumani Edwin Hennig, mmoja wa waliochimba Tendaguru, alichapisha mwaka 1924 kitabu juu ya miamba ya Jura ya nyuma ya Dar es Salaam. Hivyo kombe halikubebwa kwenda Kidugalo. Mnyama wake aliishi palepale, akafa, akafunikwa.

Lazima tuseme wazi kwamba Stensen hakuijua hesabu hiyo ya miaka. Kama wasomi wa wakati wake alidhani dunia ina miaka elfu chache, na katika kitabu chake aliipa gharika nafasi yake. Alikosea katika muda. Katika utaratibu wa matabaka hakukosea, na ni utaratibu huohuo uliowawezesha waliomfuata kugundua kwamba muda ulikuwa mrefu kuliko alivyowaza. Tungependa mzee wetu ajue hili, kwa maana wasiwasi wake haukuwa wa jiwe. Alihofu kwamba kombe lile litampokonya kitabu cha Mwanzo. Stensen alilishika jino mkononi na hofu hiyo haikumpata. Mwaka uleule alioandika juu ya kichwa cha papa ndio aliojiunga na Kanisa Katoliki.

Ilikuwa Novemba 1667. Huko Livorno alikuwa ameona maandamano ya Ekaristi Takatifu, watu wakipiga magoti barabarani, akajiuliza: ama kile ni kipande cha mkate na hawa wote wamepotea, ama ni Mwili wa Kristo na mimi ndiye ninayekosa heshima. Hakuamua siku hiyo. Alisoma, akalinganisha maandiko ya kale, akajadiliana na mtawa Maria Flavia del Nero, aliyesimamia duka la dawa la monasteri, na mama mmoja mcha Mungu, Lavinia Arnolfini. Baada ya kurudi Copenhagen kwa muda kama mpasuaji wa mfalme, alipewa upadre Florence mwaka 1675. Septemba 1677 aliwekwa wakfu kuwa askofu mjini Roma na Kardinali Gregorio Barbarigo, mtakatifu wa baadaye, akatumwa kuwahudumia Wakatoliki wachache waliotawanyika nchi za kaskazini.

Mwaka huo una jambo ambalo halitupendezi. Uholanzi Stensen alikuwa amefahamiana na mwanafalsafa Spinoza. Baada ya Spinoza kufa, Stensen aliikabidhi Ofisi Takatifu ya Roma nakala ya mswada wake mkuu, akionya juu ya hatari yake. Aliamini anazilinda roho za watu. Hata hivyo, mtu aliyezoea kulijibu kosa kwa kurudi kwenye meza ya kupasulia, hapa alilipeleka kwa wenye mamlaka. Nakala hiyo ilihifadhiwa Vatikani, na leo ni ya thamani kubwa kwa wasomi wa Spinoza.

Kaskazini aliishi kimaskini, akauza pete na msalaba wake wa kiaskofu kuwasaidia wahitaji. Alianzia Hannover, akaenda Münster kuwa askofu msaidizi. Mwaka 1683 fedha ilipoingia katika uchaguzi wa askofu mpya, alipinga na kuuhama mji. Alimalizia Schwerin akifanya kazi ya padre wa kawaida, akifunga kupita kiasi, na hapo sisi tunaona alijidhulumu mwili. Alifariki mwaka 1686, akiwa na miaka 48. Kitabu kikubwa alichoahidi juu ya miamba hakukiandika kamwe. Kile kidogo kilikuwa utangulizi tu. Mwili wake ulirudishwa Florence na kuzikwa katika kanisa la San Lorenzo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 23 Oktoba 1988.

Jumapili iliyopita tulikwenda kumwona mzee wetu, tukamsimulia haya chini ya mwarobaini wake, naye akasikiliza mpaka mwisho. Tulimrudishia jiwe. Ndipo tulipogundua kwamba siku ile ya kwanza hatukumuuliza jambo ambalo Stensen angeanza nalo: lilikuwa limelala katika tabaka lipi, na juu yake kulikuwa na nini? Msingi ulikwisha kujengwa. Lakini vijana wake wanachimba shimo la choo hatua chache kutoka pale, na ametuambia twende Alhamisi na futi ya kupimia.