Cornelia, mama wa nyumba aliyesikiwa na Roma

Wasomaji wetu, majina ya wakubwa wa vita wa Roma ya zamani tunayasikia mara mingi. Ya wamama, hapana. Leo tunaleta habari ya mmoja, Cornelia.

Baba yake ni ule Scipio aliyeshinda Hannibal kule Zama, mu inchi ya Tunisia, mwaka 202 mbele ya kuzaliwa kwa Yesu. Wakati ule mwanamke wa Roma hakupiga kura, hakushika kazi ya Leta. Kazi yake ilikuwa kuzaa, kulinda nyumba na kusokota manyoya ya kondoo.

Cornelia aliolewa na Tiberius Sempronius Gracchus, akazaa watoto 12. Kilio kilikuwa kingi mu ile nyumba: walikomaa watatu tu, binti Sempronia na wavulana Tiberius na Gaius. Kisha bwana akafa. Mfalme Ptolemy wa Misri alitaka kumuoa, akakataa. Mama aliyebaki na yatima anajua uzito wa kazi hii. Yeye akaita walimu Wagreki, akasimamia masomo mwenyewe. Inasimuliwa kwamba mgeni mmoja alimuonyesha mapambo yake ya bei kali. Cornelia akangojea watoto watoke masomo, akaonyesha wao: ile ndiyo mali yake.

Wale wavulana, kila mmoja kwa wakati wake, walichaguliwa kuwa watetezi wa raia. Tiberius alitaka mashamba ya Leta yaliyoshikwa na matajiri yagawiwe maskini. Mwaka 133 wakubwa wakamuua. Gaius akaweka sheria ya kuuzia raia ngano kwa bei ndogo. Wanaojua posho watasikia maana yake. Alitayarisha sheria ingine ya kuazibu adui wa ndugu yake, lakini mama akamuomba, akaiondoa. Mwaka 121 yeye pia akafa mu fujo.

Cornelia akakaa Misenum, kando ya bahari. Wageni wenye elimu walimfuata, wafalme walimpelekea zawadi. Alisimulia habari ya watoto wake bila machozi, hata wengine wakawaza uzee umemuharibu akili. Barua zake zilisomwa kisha kifo chake.

Raia walimsimamishia sanamu ya shaba. Sanamu imepotea, jiwe lake liko mu makumbusho ya Roma. Limeandikwa jina lake, la baba yake na la watoto wake. Kura hakuwa nayo hata moja, lakini sheria ya Roma ilirudi nyuma kwa neno lake, na ile nguvu aliipata mu nyumba.