Robert Koch: Bingwa wa kifua kikuu aliyepita Usambara

MWAKA 1898, wakati reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Mombo, daktari mmoja wa Kijerumani mwenye ndevu na miwani alifika Usambara Magharibi, milima ambayo ndani yake zimo Lushoto, Soni na Bumbuli. Alikuwa akitafuta jibu la swali lililowasumbua watawala wa kikoloni: kwa nini wakazi wa milimani hawakuugua homa kama walivyougua watu wa pwani?

Jibu alilolikuta kwa Washambaa lilikuwa fupi. Walijua kwamba wao huugua wanaposhuka tambarare, na kwamba homa hiyo huletwa na mbu. Katika usemi wao mdudu na ugonjwa vilikuwa na jina moja.

Daktari huyo aliiandika habari hiyo katika ripoti zake, na hadi leo inatajwa katika vitabu vya historia ya malaria. Aliyeiandika hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Robert Koch, ambaye miaka 16 kabla ya hapo aliionyesha dunia kiini cha kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu kwa kuyala mapafu yao taratibu hadi pumzi inakata.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumba yao ilijaa watoto 13. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, na wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, Gertrud.

Baada ya kuhudumu katika vita kati ya nchi yake na Ufaransa, alipelekwa kuwa daktari wa wilaya katika mji wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala msaidizi. Alikuwa na chumba chake cha kuonea wagonjwa na hadubini, ambayo inasimuliwa kuwa alipewa na mkewe.

Katika chumba hicho alianza kuchunguza kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiteketeza kondoo na ng'ombe wa wakulima. Mwaka 1876 alikwenda Breslau na kuwaonyesha maprofesa jinsi kimelea kimoja kinavyozaliana, kinavyojigeuza kuwa mbegu ngumu na kusubiri udongoni, kisha kuua tena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bakteria fulani kuthibitishwa bila shaka kuwa chanzo cha ugonjwa fulani.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin na kupewa maabara pamoja na wasaidizi. Hapo akaligeukia tatizo kubwa kuliko yote ya wakati wake.

Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, mtu mmoja kati ya kila saba waliokufa wakati huo aliuawa na kifua kikuu. Wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi, au matokeo ya umaskini na mwili dhaifu. Mgonjwa alikohoa, akakonda, akatema damu, na familia ikabaki kusubiri. Ndani ya kifua mapafu yalikuwa yakitobolewa matundu, na sehemu iliyobaki haikutosha kuupa mwili hewa.

Kimelea chenyewe kilikuwa kigumu kuonekana kwa sababu hakikubali rangi upesi. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine hadi vijiti vyembamba vya buluu vikajitokeza chini ya hadubini. Kukiotesha nje ya mwili kulihitaji subira zaidi, kwani kilichukua wiki kadhaa kuota wakati vingine vilichukua siku moja au mbili.

Usiku wa Machi 24, 1882, mbele ya Jumuiya ya Fiziolojia ya Berlin, alisimama na kueleza kazi yake hatua kwa hatua, huku hadubini na sampuli zikiwa mezani. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa na la kupinga. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Miaka miwili baadaye, baada ya safari za Misri na India, alitangaza kiini cha kipindupindu. Jina lake likawa fahari ya taifa zima, na matarajio yakaongezeka. Aliyekwisha kumwona adui alitarajiwa sasa amwue.

Agosti 1890, katika kongamano la kimataifa la madaktari lililofanyika Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu chenye uwezo wa kukizuia kimelea cha kifua kikuu. Novemba alitoa taarifa rasmi ya dawa hiyo, ambayo ilikuja kuitwa tuberkulini. Alikuwa amejidunga yeye mwenyewe na kupata homa kali, na alikuwa amewadunga wagonjwa wachache. Hata hivyo, hakusema dawa hiyo imetengenezwa kwa nini.

Habari zilisambaa kama moto wa nyikani. Wagonjwa kutoka kila pembe ya Ulaya walifunga safari kwenda Berlin, baadhi wakiwa katika hatua za mwisho. Hoteli zilijaa watu wanaokohoa. Madaktari nao walimiminika, akiwamo Mwingereza Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, ambaye alirudi kwao na kuandika kuwa ushahidi hautoshi.

Wasiwasi huo ulithibitika. Mapema mwaka 1891, Profesa Rudolf Virchow alipasua miili ya watu waliokufa baada ya kudungwa na kueleza kuwa vimelea havikuwa vimekufa. Katika baadhi ya miili, ugonjwa ulionekana kuenea sehemu ambazo awali zilikuwa salama.

Koch alipolazimika kutaja siri yake, ilibainika kuwa tuberkulini ni majimaji yaliyotolewa kwenye vimelea vilivyooteshwa na kuchanganywa na gliserini. Haikuponya. Wakati lawama zikipamba moto, mwenyewe alikuwa ameondoka kwenda Misri.

Familia nayo iliyumba. Mwaka 1893 aliachana na Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Jamii ya Berlin haikumsamehe kirahisi. Tangu hapo Koch alitumia miaka mingi nje ya nchi yake, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia Afrika.

Mwishoni mwa 1896 alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kuchunguza sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Kisha akaenda India kuchunguza tauni, na mwaka 1897 akaingia Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akiwa Dar es Salaam alichunguza malaria, na kutokana na sampuli zilizoletwa kutoka Kisiba, Bukoba, alithibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu huko ulikuwa tauni. Ni katika safari hiyo ndipo alipofika milima ya Usambara.

Alirudi tena mwaka 1905 na kufanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara Mashariki, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1902. Mwaka huo alieleza jinsi papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye sakafu za udongo, wanavyoeneza homa ya papasi na kuwarithisha watoto wao vimelea hivyo kupitia mayai. Desemba mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka uliofuata makosa ya Berlin yalijirudia, safari hii mbali na magazeti ya Ulaya.

Ugonjwa wa malale ulikuwa umeteketeza watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Koch aliweka kambi katika Visiwa vya Sese na kuanza kuwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Zaidi ya wagonjwa 1,000 walipita mikononi mwake. Walikuja wakibebwa na ndugu zao, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda.

Mwanzoni wengi walipata nafuu. Nafuu hiyo ilipopungua, Koch aliongeza kiwango cha dawa. Matokeo yake, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka macho, na hawakuona tena. Kiwango hicho kikubwa kiliachwa, lakini yeye aliendelea kuitetea atoksili. Alishauri pia wagonjwa watengwe katika kambi maalumu, na kambi za aina hiyo zikaanzishwa upande wa Wajerumani, zikiwamo za Kigarama na Shirati.

Wagonjwa wa Berlin walikuwa na maprofesa na magazeti ya kuwasemea. Wale wa Sese hawakuwa na mtu. Majina yao hayasomwi katika vitabu vinavyolitaja jina la daktari wao.

Koch alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yalihifadhiwa katika taasisi ya Berlin aliyoiongoza, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake.

Tuberkulini ilipata kazi nyingine. Madaktari waligundua kuwa ukiitia kidogo kwenye ngozi, mahali hapo huvimba kwa mtu ambaye kimelea kimeshaingia mwilini mwake. Dawa iliyoshindwa kuponya ikawa kipimo, na hadi leo kipimo hicho kinatumika.

Tiba ya kweli ilichelewa. Streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka 1943 na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Lakini matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi waliacha njiani. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki kwa kushirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wagonjwa waligawanywa katika makundi kwa kura, wakafuatiliwa muda mrefu baada ya kumaliza dawa, na ikathibitika kuwa kwa mchanganyiko sahihi miezi sita inatosha.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa ushauri wa Dk. Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi. Kila mgonjwa aliandikwa katika daftari, makohozi yake yakapimwa kwa hadubini, na mhudumu akamwona akimeza dawa. Mwishoni hesabu ilifanywa: nani amepona, nani ametoroka, nani amekufa. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuupendekeza kwa mataifa yote.

Leo mgonjwa wa Bumbuli anayepatikana na kifua kikuu hutibiwa bila malipo, kwa kawaida kwa miezi sita. Makohozi yake yanatafutwa kimelea kile kile kilichoonyeshwa Berlin mwaka 1882. Hiyo ni sehemu ya Koch. Dawa anazomeza ni za wengine, wakiwamo wagonjwa wa Afrika Mashariki waliokubali kufuatiliwa mwezi baada ya mwezi hadi ukweli ulipojulikana.