George Westinghouse, mutu aliyesimamisha treni kwa upepo

Bandugu na bamama, ile sauti sisi wote tunaijua: kamio ya shaba inapunguza mwendo, inasimama, halafu pshiii! Upepo unatoka chini. Kwenye barabara ya Kolwezi mpaka Kasumbalesa tunaisikia kila siku. Lakini nani alileta freni ya upepo? Leo tunaeleza maisha ya huyo muzee.

George Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa na karakana ya mashini huko Schenectady, na humo ndimo mutoto alijifunza kazi ya mukono. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka, aliingia jeshini angali kijana. Aliporudi alijaribu chuo kikuu, lakini hakukaa. Yeye alipenda chuma kuliko daftari.

Siku moja aliona treni mbili za mizigo zimegongana njiani, karibu na Schenectady. Njia ilikuwa nyoofu, mchana kweupe, na madereva walionana kutoka mbali. Shida ilikuwa kusimama. Wakati ule, dereva alipiga filimbi tu, halafu wafanyakazi wakakimbia juu ya mapaa ya mabehewa, wakizungusha gurudumu la freni moja baada ya lingine. Mvua ikinyesha au barafu ikianguka, wengi waliteleza na kufa. Bibi alibaki mjane sababu ya freni.

Westinghouse alijaribu nyororo, akajaribu mvuke, haikuenda. Halafu akasoma katika gazeti habari za bafundi waliokuwa wakitoboa mulima wa Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia, tuneli ya zaidi ya kilomita 12. Mashini zao za kutoboa mawe ziliendeshwa kwa upepo uliobanwa na kupitishwa ndani ya mipira na mabomba. Njo pale akili ilifunguka: kama upepo unatoboa jiwe mbali hivyo, utashindwaje kubana gurudumu? Basi sisi wa mugodi tujue: freni ya treni imezaliwa na kazi yetu ya chini ya udongo.

Mwaka 1869 alipata hati ya uvumbuzi na kufungua kampuni Pittsburgh. Alikuwa na miaka 22. Katika safari ya majaribio, mutu mwenye gari la farasi alinaswa juu ya reli. Dereva akafungua upepo, treni ikasimama kabla ya kumufikia.

Lakini ile freni ya kwanza ilikuwa na ubaya. Upepo ulitoka mbele kwenda nyuma. Mupira ukikatika, freni hakuna tena! Mwaka 1872 akageuza kila kitu. Bomba lijae upepo saa zote, na kila behewa liwe na tangi lake na vali yake. Upepo wa bomba ukipungua, vali inafungua tangi, na upepo wa tangi unabana magurudumu. Sasa mupira ukikatika, treni inajisimamisha yenyewe. Hatari yenyewe njo inaita freni.

Hata hivyo kazi haikuisha. Mwaka 1886, katika majaribio ya Burlington, jimbo la Iowa, treni za mabehewa 50 zilimushinda. Habari ya kupungua kwa upepo ilichelewa kufika nyuma: mabehewa ya mbele yalisimama, ya nyuma yakayapiga kwa nguvu. Hakukasirika, hakuficha. Alirudi karakanani, akatengeneza vali inayotoa upepo wa bomba palepale penye kila behewa wakati wa hatari, behewa moja likipitishia lingine habari. Mwaka 1887 treni ndefu ilisimama vizuri. Mwaka 1893 sheria ya Marekani ikaamuru treni ziwe na freni za namna hiyo.

Kamio zetu zinafuata akili ileile. Shofere akikanyaga, upepo kidogo unaenda kuamsha vali ya nyuma, nayo inafungua upepo mwingi wa tangi lililo karibu na magurudumu. Na mupira wa remorki ukikatika, vali ya hatari inafunga freni za remorki.

Westinghouse alifanya mengine pia. Alieneza umeme wa mkondo geu, ule tulio nao manyumbani, na aliwapa wafanyakazi wake mapumziko ya nusu siku Jumamosi. Lakini taabu ya pesa ya 1907 ilimunyang'anya uongozi wa kampuni yake ya umeme. Alikufa New York tarehe 12 Machi 1914.

Bashofere bandugu, kabla ya kuondoka, musikilize mipira na muangalie saa ya upepo. Nyumbani kuna batoto wanaongoja.