Edgar Codd, jamaa aliyeipanga data kwenye majedwali

Mkulima wa Nyaramba, Nyamira, akipeleka majani chai kituoni, kilo zake huandikwa kwa namba yake. Namba hiyo ndiyo huunganisha jina, kilo na bonasi. Kwenye kompyuta, mtindo huu wa kuunganisha majedwali tunaudai kwa Edgar Codd.

Codd alizaliwa Uingereza mwaka wa 1923. Alikuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia, akasomea hisabati Oxford, kisha akahamia Marekani na kuajiriwa na IBM. Shahada ya uzamifu aliipata 1965, akiwa ameshapita miaka 40.

Enzi hizo, kutafuta data kulikuwa kazi kwelikweli. Ilibidi ujue imewekwa wapi ndani ya mashine, na mpangilio ukibadilika, programu zinakwama. Mwaka wa 1970, Codd alichapisha makala akipendekeza majedwali: wewe sema tu unachotaka, kompyuta ijitafutie njia.

IBM ilisitasita, kwani ilikuwa na mfumo wake mwingine ulioleta pesa. Codd hakunyamaza, alibishana hadi wakamsikia. Wenzake walibuni lugha ya SQL kutokana na wazo lake, lakini kampuni ndogo ambayo leo ni Oracle ikawawahi sokoni mwaka wa 1979.

Codd alipewa Tuzo ya Turing 1981, akafariki 2003 akiwa na miaka 79. Ukijiunga na chuo kusomea kompyuta, SQL bado inakungoja.