Mary Mallon, Mpishi wa New York

Wengi wetu tukisikia habari za homa ya matumbo huwaza maji machafu na nzi. Mimi, tangu nilipojifunza maisha ya Mary Mallon, huitazama kwanza mikono yangu.

Bibi huyo alizaliwa Ireland mwaka 1869, akavuka bahari kwenda Marekani angali msichana. Huko New York akawa mpishi hodari wa matajiri. Mwaka 1906 alipika katika nyumba moja huko Oyster Bay, na watu 6 kati ya 11 waliokuwamo wakashikwa na homa ya matumbo. Bwana George Soper alipewa kazi ya kutafuta asili ya ugonjwa huo. Mwishowe akafuata nyayo za mpishi, akaona kwamba karibu kila nyumba aliyoitumikia ilipatwa na homa ile ile.

Ajabu ni kwamba Mary mwenyewe alikuwa mzima. Vijidudu vilikaa mwilini mwake bila kumdhuru, vikatoka pamoja na choo. Asiponawa vizuri kwa sabuni, vilibaki mikononi. Chakula kilichoiva motoni hakikuwa na hatari kubwa, maana moto huviua. Lakini alisifiwa kwa aiskrimu yenye mapichi mabichi, aliyoyakatakata kwa mikono yake, na hayo hayakupita motoni.

Soper alipomwendea mwaka 1907 alifukuzwa kwa uma mkubwa wa nyama. (Hata mimi ningekasirika, mgeni akinijia jikoni kutaka damu na choo changu vikapimwe!) Daktari Josephine Baker pamoja na askari wakamtoa mafichoni, naye akawekwa katika kisiwa cha North Brother. Mwaka 1910 aliachiliwa kwa ahadi ya kutopika tena. Akawa dobi, lakini ujira ulikuwa mdogo, wala hakusadiki kamwe kwamba ana ugonjwa. Akajiita Mary Brown, akarudi jikoni. Mwaka 1915 watu 25 waliugua katika hospitali ya wazazi alimopika, na 2 wakafa.

Alirudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipokufa tarehe 11 Novemba 1938. Mimi namlaumu kwa kosa la pili, si la kwanza, kwa kuwa hapo mwanzo hakujua kitu. Lakini wapo wengine waliobeba vijidudu hivyo hivyo wakaachwa huru, na jambo hilo bado linanisumbua.